Barua Iliyokuwa Kwenye Kopo la Baba

Disemba 2020 nilikuwa Wete, Pemba, uani kwa wazee wangu, nageuza karafuu kwenye jamvi, simu ikalia. Alikuwa mwenzangu wa darasani. Akanambia jina langu limebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kitivo, pamoja na majina mengine sita. Nikamuuliza orodha ya nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya waliopitisha muda."

Nilikuwa nimebakisha ripoti ya utafiti tu. Masomo yote nimefaulu, mazoezi ya kufundisha nimekwenda, hata lile somo la Hesabu nililolibeba tangu mwaka wa kwanza nimeshalifuta. Vyuoni kwetu mtu akiondolewa kwa kufeli tunasema kadisko, na kila mwanafunzi anaishi na hofu ya neno hilo. Mimi sikudisko. Niliondolewa na kalenda, na kabla ya siku ile sikujua kwamba kalenda nayo inaweza kumwondoa mtu chuoni.

Nilijiunga mwaka 2014, shahada ya ualimu wa sayansi, miaka mitatu. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu nimeshakutana na wasichana na wavulana wa vyuo vitatu tafauti wenye kisa kama changu. Siku ya kuripoti tulipewa kitabu cha kanuni, kinene, cha Kiingereza. Mimi mtoto wa Pemba niliyefika Unguja na begi moja na dumu la mafuta ya nazi, nikafungua kurasa za ada na kurasa za dakhalia, nikakiweka chini ya godoro kwa shangazi yangu Jang'ombe. Kifungu kilichokuja kunihukumu kilikuwa humo humo, chini ya godoro, kwa miaka sita.

Kifungu kinasema hivi, kwa maneno yangu: shahada ya miaka mitatu isizidi miaka mitano tangu kusajiliwa. Ukiahirisha masomo kwa ruhusa ya maandishi, muda ule hauhesabiwi. Ukiondoka bila ya ruhusa, unahesabiwa wote. Na miaka mitano ikisha, Seneti, yaani baraza la taaluma la chuo, inaweza kukuongeza mwaka mmoja kwa sababu maalumu, lakini lazima uombe. Vyuo havifanani katika haya. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, inavisimamia vyote, Bara na Visiwani, lakini kila chuo kina kanuni zake. Kwa hiyo asikuambie mtu "kwetu ni hivi" ukatosheka. Soma za chuo chako, na ukiwa Kiingereza chake ni kizito, kaa na mtu akufasirie kifungu kwa kifungu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Nikaolewa, na mwaka wa pili ulipoanza nilikuwa na mimba inayonisumbua, natapika mpaka daladala ya Darajani siwezi kuipanda. Shangazi ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa karani wa serikali muda mrefu, sasa kastaafu, na anaamini karatasi kuliko anavyoamini maneno. Akanambia, "Usiende kuaga kwa mdomo. Andika barua, ambatisha cheti cha daktari, wagongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na jibu lao usiondoke bila ya kulichukua." Nikafanya alivyosema. Jibu likaja wiki ya pili: nimeruhusiwa kuahirisha mwaka wa masomo 2015/16. Nikapanda boti kwenda kujifungua kwa mama yangu, barua nimeitia kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki. Nilipofika nyumbani baba akaipokea, akaisoma taratibu, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kopo lake.

Kopo lile nililijua tangu mdogo. Ni la biskuti, la duara, rangi imebanduka, na ndani yake mna stakabadhi za karafuu. Karafuu Zanzibar hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC), na mkulima akishapimiwa hupewa karatasi yake. Wengine huzitupa wakishapokea pesa. Baba alizipanga kwa msimu, kila msimu na uzi wake. Yeye ni wa kizazi cha watoto walioingia skuli bila ya ada baada ya Mzee Karume kutangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, na mpaka leo siku ile ikitimia huikumbuka kama watu wanavyokumbuka siku ya harusi. Alisoma akafika pale alipofika, akarudi kwenye mikarafuu. Kwa hiyo barua ya chuo kikuu yenye jina la binti yake, hata kama ni ya kuahirisha tu, kwake ilikuwa mali.

Mwaka 2016 nikarudi, nikamaliza mwaka wa pili. Nikaanza wa tatu. Tarehe za mwanzo za Disemba 2017, msimu umepamba moto, bei ya daraja la kwanza shilingi 14,000 kwa kilo, baba akaanguka chini ya mkarafuu. Si kwamba aliteleza juu. Alikuwa amesimama anahesabu pishi za wachumaji, mkono wa kulia ukamlegea, mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Tukamkimbiza Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, mwendo wa kuvuka karibu kisiwa chote, na nilipofika mimi kutoka Unguja asubuhi ya pili alinitazama na machozi yakamtoka kwa jicho moja.

Mama ni mzee. Kaka yangu yuko Tanga na familia yake. Nilimwambia kiongozi wa darasa kwa ujumbe wa simu kwamba naondoka, mgonjwa mahututi, atoe taarifa. Akajibu pole, akasema atawaambia walimu. Na akawaambia kweli, simlaumu hata kidogo. Mimi nikadhani nimeshaaga.

Nilikaa miezi kumi na nne. Katika miezi ile sikuwahi kufikiria kanuni hata siku moja. Nilifikiria kumgeuza baba asifanye vidonda, kumlisha uji kwa kijiko kidogo, kumfanyisha mazoezi ya mkono kama tulivyofundishwa hospitali. Msimu uliofuata tulimtoa uani, tukamweka kwenye kiti mbele ya jamvi. Akaonyesha karafuu. Tukampa kikonyo kimoja, akakishika kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akakiegemeza kwenye goti, na kwa kidole gumba akaanza kubandua punje moja moja. Kikonyo kimoja kilimchukua muda ambao mama huchambua kikapu. Alipokimaliza alikiinua juu kutuonyesha kikonyo kitupu. Mama akaingia ndani kulia. Siku ile ndipo nilipojua naweza kurudi chuo.

Februari 2019 nilisimama mbele ya dawati la masjala. Mama mmoja mtaratibu akanitafuta kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo nikione mwenyewe. Mbele ya jina langu paliandikwa kwamba nimetoroka masomo. Nilisoma mara tatu. Neno lile liliniuma kuliko adhabu yenyewe, maana kwetu mtoto anayeuguza mzazi hakutoroka kitu, yuko pale hasa anapotakiwa awe. Lakini kanuni haikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa sababu hapakuwa na barua. Kulikuwa na ujumbe wa simu kwa kijana wa miaka ishirini na mbili.

Nikaandika maelezo, nikaambatisha vyeti vya baba, wakakubali nirudie mwaka wa tatu Novemba 2019. Mkopo wangu ulihesabiwa kwa miaka mitatu, kwa hiyo bumu, ile pesa ya mkopo, hakuna tena. Ada nililipa mwenyewe, kwa kuuza cherehani yangu na kwa karafuu alizochuma mume wangu shambani kwa baba. Wakaipokea ada. Wakanipa namba ya malipo, nikalipa, nikasajiliwa. Nataka msomaji akumbuke hapo.

Machi 2020 korona ikaingia, vyuo vikafungwa, vikafunguliwa Juni. Mihula ikabanwa, mitihani ikapandana, nikaipita yote. Ikabaki ripoti. Sura tatu za mwanzo nilizipeleka kwa msimamizi wangu mwanzoni mwa Agosti. Zilinirudia wiki ya tatu ya Oktoba, wiki kumi na moja baadaye, zikiwa na maneno machache kwa kalamu nyekundu. Mwaka wa masomo ulifungwa mwisho wa mwezi ule ule. Sikusema kitu wakati ule, maana msimamizi ndiye anayekupa alama, na sisi tumelelewa kwamba mwalimu haharakishwi. Leo namwambia kila mwanafunzi ninayekutana naye: kila unapowasilisha sura, wasilisha kwa barua pepe hata kama umempa mkononi, uwe na tarehe. Ukimkumbusha, mkumbushe kwa adabu na kwa maandishi. Adabu na maandishi vinakaa pamoja bila ya shida.

Basi Disemba ndiyo ikaja ile orodha. Nilipofika chuoni nikaambiwa na afisa mmoja, kijana, mwenye haraka, "Ukhti, weye muda wako ulikwisha tangu mwaka jana." Akanihesabia kwa vidole kuanzia 2014. Kwa hesabu yake miaka mitano ilitimia 2018/19, na ule mwaka mmoja wa nyongeza, ambao ungetakiwa uombwe kwa Seneti, nilikuwa nimeshautumia 2019/20 bila ya kujua. Nikamwambia 2015/16 niliahirisha kwa ruhusa, usihesabiwe. Akatazama kompyuta. Haimo. Mafaili ya zamani yalihamishwa ofisi, hayaonekani. Akanambia, "Lete barua."

Nikamuuliza jambo moja, na mpaka leo hakuna aliyenijibu: ikiwa muda wangu ulikwisha 2019, kwa nini mlichukua ada yangu ya 2019/20?

Barua sikuwa nayo. Miaka mitano imepita, nimehama nyumba mara tatu. Nilipekua Jang'ombe kwa shangazi, kwenye mabegi, kwenye vitabu. Nilimpigia mama usiku nalia, simwombi kitu, namweleza tu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Si ile aliyoitia baba'ako koponi?" Nikasikia anaamka, mlango wa kabati, kifuniko cha kopo. Hajui Kiingereza. Akanisomea herufi zilizo juu moja moja, kisha akanambia kuna muhuri wa buluu, wa duara, na ndani yake kuna tarehe. Ilikuwa katikati ya stakabadhi za msimu wa 2015, kwenye uzi wake.

Ilikuja Unguja kwa boti ya siku ya pili, mkononi mwa jirani, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi na plasta. Ilinuka karafuu.

Niliandika rufaa ya kurasa mbili. Shangazi aliisimamia kila sentensi. Alinikataza kuweka huruma kwenye aya ya kwanza. "Anza na hesabu," alisema, "huruma iache mwisho, kama ikibaki nafasi." Kwa hiyo nikapanga: mwaka gani nilisajiliwa, mwaka gani niliahirishwa na kwa barua ya tarehe ngapi, mwaka gani sikuwepo bila ya ruhusa na naukubali uhesabiwe, miezi mingapi chuo kilifungwa kwa amri ya serikali, wiki ngapi sura zilikaa kwa msimamizi. Nikaambatisha risiti ya ada. Jumla ikasomeka yenyewe: mwaka wa tano wangu ulikwisha Oktoba 2020, na nyongeza sijaitumia. Machi 2021 nikajibiwa. Muhula mmoja. Juni nikawasilisha ripoti, na mwisho wa mwaka nikavaa joho. Leo nafundisha biolojia na kemia sekondari, hapa hapa Wete.

Sikuja kusema ukomo wa muda ufutwe. Nimeshakuwa mwalimu, najua mitaala inabadilika, najua kemia ya mtu aliyekaa miaka kumi na mbili bila ya kuingia maabara haiwezi kuaminiwa mbele ya watoto. Najua nafasi ni chache na fedha za mikopo ni za watu wote. Lakini muda una namna ya kuhesabiwa, na namna ile ndiyo inayoamua nani anamaliza. Tazama ni nani hasa wanaopitisha muda kwetu. Wale wa starehe wapo, ila mara nyingi wao hudisko mapema. Wanaofika mwaka wa tano na wa sita ni waliozaa, waliouguza, walioacha kulipa ada msimu wa karafuu ulipokuwa mbaya, waliofiwa.

Nina rafiki wa Micheweni, tulilala chumba kimoja mwaka wa pili. Mumewe alizama baharini, yeye akaingia eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na haitoki kwa mwanamke wa Kiislamu kusema nitaikatisha nikafanye mtihani. Alikosa muhula mzima. Hakumwandikia mtu barua, kwa sababu mwanamke aliye edani, kafiwa, ana mtoto wa kunyonya, hafikirii masjala. Na katika kisiwa ambacho kila mtu kuanzia mkuu wa chuo mpaka mlinzi wa geti anajua eda ni nini, kanuni haikuitaja. Muhula ule ulihesabiwa kuwa utoro. Ukazaa mwingine, kwa sababu masomo mengine hufundishwa mara moja kwa mwaka, ukikosa unasubiri mwaka mzima. Miaka yake ikaisha akiwa amebakisha masomo mawili. Hakuwa na shangazi karani, wala kopo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 11, inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha na kila raia yuko huru kutafuta elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, nikataka kuinakili kwenye rufaa. Shangazi akanifungulia ibara ya 7, kifungu cha 2: masharti ya sehemu ile hayadaiwi mahakamani. Ni mwongozo kwa serikali. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni wa 1966, ambao Tanzania imo tangu 1976, nao katika ibara ya 13 unataka elimu ya juu ifikiwe na wote kwa usawa, kwa kuangalia uwezo. Maandiko yote mawili yanataja uwezo, na hakuna linalotaja kasi. Rafiki yangu uwezo alikuwa nao. Mtihani aliokalia alifaulu.

Nikiulizwa vyuo vifanye nini, nitasema vitu vidogo vinavyowezekana kesho. Kila mwanafunzi akisajiliwa, karatasi yake iandikwe mwaka wake wa mwisho. Isitoshe kusema umesajiliwa, iseme umebakisha mihula mingapi. Chuo kisipokee ada ya mtu aliyepitisha muda bila ya kumwambia kwanza. Wiki za msimamizi zihesabiwe kwa msimamizi. Na uzazi, eda na kuuguza mzazi viandikwe kwa majina yake kwenye kanuni, kwa Kiswahili, ili aliyemo ndani ya shida aweze kutuma mtu na karatasi moja ikatosha.

Mwezi uliopita rafiki yangu alikuja Wete na mwanawe, sasa ni mkubwa, yuko darasa la tatu. Anafundisha skuli ya watoto wadogo, mshahara wake ni mdogo sana. Tulikaa barazani baada ya Alasiri. Nikamwambia TCU ina utaratibu wa kuhamisha masomo uliyofaulu kutoka chuo kimoja kwenda kingine, na tuuombe, tusikie watasemaje. Akasema, "Mie nimeshazeeka na mambo hayo." Sikumjibu. Nikaleta daftari. Tukaanza na mwaka aliosajiliwa, tukashuka. Tulipofika mwaka wa tatu akaichukua kalamu mwenyewe. Tarehe ya kuingia eda aliikumbuka bila ya kufikiri, na ya kutoka pia. Akaziandika zote mbili, kwa hati nzuri, akazipigia mstari chini.